Kelele, Ngoma na Mamlaka: Muziki wa Filamu ya Neptune Frost na Albamu Zilizoitangulia, Ukisikilizwa kutoka Bandari ya Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inahakiki muziki wa filamu ya Neptune Frost (2021), iliyoongozwa na Saul Williams na Anisia Uzeyman, kwa kuulinganisha na albamu mbili za Williams zilizoitangulia: ile ya 2007 iliyotayarishwa na Trent Reznor wa bendi ya Nine Inch Nails, na MartyrLoserKing ya 2016. Mashabiki wa roki ya viwandani wamezoea kuupima muziki wa filamu kwa kuulinganisha na ukali wa albamu za zamani. Makala inadai kwamba kipimo hicho hakitoshi pale ambapo kelele inayozungumziwa ina chimbuko lake katika nchi yenye historia yake ya sauti, yaani Burundi. Badala yake inapendekeza dhana ya ngoma, kwa maana zake za Kirundi na Kiswahili, iwe kipimo cha kuuliza nani anapiga, nani anaitikia na jina la nani linaandikwa. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kuhusu istilahi, manukuu ya filamu na kumbukumbu za majina ya wanamuziki katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Istilahi za msingi: roki ya viwandani, muziki wa filamu, ngoma, kelele, Burundi

1. Utangulizi

Mnamo Septemba 2025 bendi ya Nine Inch Nails ilitoa muziki wa filamu ya Tron: Ares. Trent Reznor na Atticus Ross, ambao ndio nguzo za bendi hiyo, walikuwa wametunga muziki wa filamu kwa zaidi ya miaka kumi kwa majina yao binafsi. Walitunukiwa Oscar kwa The Social Network na baadaye, pamoja na Jon Batiste, kwa Soul. Safari hii kazi ilitolewa kwa jina la bendi, na jina hilo ndilo lililowasha mjadala. Baadhi ya mashabiki wanashikilia kwamba chochote kinachobeba jina la Nine Inch Nails hakina budi kupimwa kwa The Downward Spiral ya 1994 na The Fragile ya 1999: je, kina hasira ile ile, kina ukwaruzo ule ule wa gitaa na mashine? Wengine wanajibu kwamba muziki wa filamu ni kazi ya utumishi. Kazi yake ni kuibeba picha, na kuudai ukali wa albamu ni sawa na kumdai mshenga awe bwana harusi.

Hoja zote mbili zina mantiki, na zote mbili zimesimama juu ya dhana moja ambayo haihojiwi. Dhana hiyo ni kwamba kelele ni mali ya mtu aliyeitia sahihi. Anayebishania kazi mpya na za zamani huuliza iwapo msanii amebaki mwaminifu kwa sauti yake. Ni nadra kuuliza sauti hiyo ilifikaje mikononi mwake.

Swali hilo la pili linatuhusu moja kwa moja. Ipo filamu moja ambayo muziki wake umetoka katika ukoo huo huo wa roki ya viwandani na ambayo hadithi yake imewekwa Burundi. Mtunzi wake, Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani aliyezaliwa 1972, alifanya ziara pamoja na Nine Inch Nails, kisha Reznor akamtayarishia albamu. Miaka kumi na minne baada ya albamu hiyo, Williams na Anisia Uzeyman, mwigizaji na mpigapicha wa filamu mzaliwa wa Rwanda, walionyesha Neptune Frost katika tamasha la Cannes. Hapo mjadala wa kazi mpya na albamu za zamani unapata uzito mwingine, kwa sababu baina ya albamu na filamu kuna nchi nzima.

Makala hii inaisikiliza filamu hiyo kutoka Bandari ya Bujumbura. Bandari imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi kwa vizazi vingi nchini Burundi. Pili, ni mahali pa chuma, injini na mizigo, yaani mahali ambapo sauti zinazoitwa za viwandani husikika kila siku bila kuitwa sanaa.

2. Nasaba ya muziki wa viwandani na tawi lisilotajwa

Historia ya aina hii ya muziki husimuliwa kwa miji mitatu. London, ambako mwaka 1976 kundi la Throbbing Gristle lilianzisha lebo ya Industrial Records na kuupa muziki huo jina. Berlin Magharibi, ambako kuanzia 1980 Einstürzende Neubauten walipiga mabati, misumeno na vyuma vya maeneo ya ujenzi. Cleveland, mji wa chuma nchini Marekani, ambako Nine Inch Nails ilianza mwaka 1988. Katika masimulizi hayo kelele ni mwangwi wa viwanda vya Kaskazini, hasa vile vilivyokuwa vikifungwa.

Tawi moja la nasaba hii halitajwi. Mwaka 1967 Wafaransa Michel Vuylsteke na Charles Duvelle walirekodi muziki wa Burundi kwa ajili ya lebo ya Ocora, na ndani yake mlikuwamo ngoma za kifalme. Mwaka 1971 rekodi hiyo ilichukuliwa, ikawekewa magitaa na vinanda, ikauzwa Ulaya kama wimbo wa dansi uitwao Burundi Black. Jina lililoandikwa lilikuwa la kubuni, la mtayarishaji; wapigaji hawakutajwa. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliitumia sauti ya ngoma za Burundi katika wimbo wa albamu yake The Hissing of Summer Lawns. Ilipofika 1980 na 1981, bendi za London kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow zilikuwa zimejenga mtindo mzima juu ya pigo hilo.

Hatudai kwamba roki ya viwandani ilizaliwa Burundi. Tunachodai ni kidogo zaidi na kinathibitika: kizazi cha wasikilizaji kilichozoea ngoma nzito kuwa uti wa mgongo wa wimbo, badala ya gitaa au sauti ya mwimbaji, kilikuwa tayari kimeisikia Burundi, ingawa hakikujua majina ya waliopiga.

Neno lenyewe linatusaidia kuona kilichofichika. Kiswahili kinaita muziki huu wa viwandani, na kiwanda kina nasaba moja na uwanda. Kabla ya kuwa jengo lenye mashine, kiwanda kilikuwa uwanja, mahali wazi pa kufanyia kazi. Tukilirudishia neno maana yake hiyo, machimbo ya koltani nayo yanakuwa kiwanda. Koltani hutoa tantali, madini yanayotumika kutengenezea vihifadhi-umeme vidogo vilivyomo ndani ya simu na kompyuta. Muziki unaotungwa kwa kompyuta kwa hiyo umekwisha kupitia mikononi mwa mchimbaji kabla haujafika mikononi mwa mtunzi. Historia ya miji mitatu huanzia kwenye mashine iliyokwisha kuundwa. Neptune Frost huanzia shimoni.

3. Albamu za awali: sauti moja mbele ya mashine

Albamu ya 2007, The Inevitable Rise and Liberation of NiggyTardust!, ilitolewa kwenye intaneti tarehe 1 Novemba, na msikilizaji aliachiwa achague kuipakua bure au kulipa dola 5. Mapema 2008 Reznor alitangaza kwamba watu 154,449 walikuwa wameipakua na 28,322 kati yao walilipa, yaani takribani asilimia 18. Takwimu hizo zilizua mjadala mkubwa kuhusu biashara ya muziki, kiasi kwamba muziki wenyewe ulisahaulika kidogo.

Ukiusikiliza sasa, unaona mpangilio ulio wazi. Ngoma za kompyuta zimekazwa hadi zinapasuka kingo, gitaa limekwaruzwa, na katikati anasimama msemaji mmoja anayehutubia. Mashine ni mpinzani wake na wakati huo huo ndiyo jukwaa lake. Nguvu ya albamu imo katika mvutano huo, na mashabiki wanaoitaja kuwa kilele cha kazi yake wana sababu. Hata hivyo ni nguvu ya mtu mmoja. Hakuna anayemjibu. Hata wimbo wa U2, Sunday Bloody Sunday, ambao asili yake ni maombolezo ya umma, humo unageuka kuwa tamko la mtu aliye peke yake.

MartyrLoserKing, iliyotoka Januari 2016, inabadilisha mahali lakini haibadilishi mpangilio. Jina lake ni mchezo wa matamshi: ni Martin Luther King likitamkwa kwa lafudhi ya Kifaransa, hadi likasikika kama majina matatu ya Kiingereza yenye maana ya shahidi, mshindwa na mfalme. Mhusika wake ni mdukuzi wa kompyuta anayeishi Burundi. Mna wimbo uitwao Burundi, na mwingine uitwao The Noise Came from Here, yaani kelele ilitokea hapa. Wimbo wenye jina la Coltan as Cotton unaifananisha koltani na pamba, kwa hiyo unaunganisha shimo la Afrika ya Kati na shamba la watumwa la Marekani.

Albamu hiyo ilitoka miezi minane tu baada ya Mei 2015, wakati vituo kadhaa vya redio binafsi vya Bujumbura viliposhambuliwa na kufungwa katika siku za jaribio la mapinduzi. Msikilizaji wa Bujumbura hawezi kulisikia jina la nchi yake katika albamu ile bila kukumbuka ukimya uliotanda mawimbini. Hapo ndipo udhaifu wa albamu unapodhihirika. Inasema kelele ilitokea hapa, lakini aliye hapa haongei. Burundi imekuwa jina la wimbo, alama ya kila nchi inayonyonywa, na anayeisemea ni sauti ile ile ya 2007. Kilio ni cha kweli na hisani yake haitiliwi shaka. Ila kumsemea mtu na kumwachia kipaza sauti ni mambo mawili.

4. Muziki wa filamu: ngoma inapopata wapigaji

Filamu ilikusudiwa kupigwa picha Burundi. Machafuko yaliyofuata 2015 yaliizuia, ikapigwa picha Rwanda, na miongoni mwa walioigiza walikuwamo Warundi waliokuwa wamekimbilia huko. Mabadiliko hayo ya lazima yaliupa muziki jambo ambalo albamu haikuwa nalo, yaani watu wenye sababu zao wenyewe za kuimba.

Hadithi inaanza machimboni. Kijana aitwaye Tekno anauawa na msimamizi, na ndugu yake Matalusa anaiacha kazi na kuondoka. Matalusa anaigizwa na Bertrand Ninteretse, msanii wa rapu wa Burundi ajulikanaye kama Kaya Free. Jina lake ni lile lile la albamu ya 2016, lakini sasa limepitishwa katika kinywa cha Mrundi hadi halina tena alama ya Kiingereza wala Kifaransa. Upande wa pili yupo Neptune, mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsia mbili, anayeigizwa kwanza na Elvis Ngabo kisha na Cheryl Isheja. Wawili hao wanakutana mahali paitwapo Digitaria, kijiji cha wadukuzi kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Mavazi na mandhari ni kazi ya Cedric Mizero wa Rwanda, aliyewavika wahusika nyaya na vibonye vya kompyuta zilizotupwa.

Mambo matatu yanautofautisha muziki huu na albamu zilizoutangulia.

La kwanza ni kwamba pigo linaonekana likitoka mkononi. Ngoma zinapigwa machimboni penyewe, katikati ya wachimbaji, na mdundo wa ngoma na mdundo wa sururu unakuwa kitu kimoja. Vifaa vya kompyuta vinapoingia baadaye, sikio limekwisha kujua vinaiga nini. Katika albamu ya 2007 mashine ilikuwa mwanzo wa sauti. Hapa mashine ni mrithi, na urithi wake una mwenyewe.

La pili ni kuitikia. Waigizaji ndio waimbaji, na nyimbo nyingi zinajengwa juu ya mmoja kuanzisha na kundi kupokea. Hata maneno Unanimous Goldmine, ambayo ndiyo salamu ya wanakijiji wa Digitaria na pia jina la albamu ya filamu iliyotoka 2022, yanatumika kama kiitikio kuliko kama kaulimbiu. Anayelitamka anasubiri kujibiwa.

La tatu ni lugha. Katika filamu mnasikika Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Lugha hizo hazikupangwa kwa ngazi, moja ikitawala na nyingine zikipamba. Wahusika wanavuka kutoka moja hadi nyingine kama watu wa ukanda huu wanavyovuka kila siku, pengine katikati ya sentensi.

Mambo hayo matatu yanaelezeka vizuri zaidi kwa neno ngoma. Katika Kiswahili ngoma ni ala, ni uchezaji, ni hafla yenyewe, na katika lugha ya vijana wa leo ni wimbo wowote uliorekodiwa: shabiki husema msanii ametoa ngoma mpya bila kukusudia ala yoyote iliyowambwa ngozi. Katika Kirundi ingoma ni ala na pia ni ufalme, yaani utawala wenyewe. Karyenda ilikuwa ngoma takatifu ya taifa, na waliotawala walitawala kwa ngoma. Mpangilio wa wapigaji nao ni mfano wa utawala: inkiranya hukaa katikati na kuongoza, amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, na ibishikizo hufuata uongozi wa inkiranya. Ufalme uliondolewa tarehe 28 Novemba 1966, lakini ngoma ilibaki ikidaiwa na kila mamlaka iliyofuata. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Oktoba 2017 amri ya rais iliagiza kwamba makundi ya ngoma yasajiliwe, kwamba maonyesho yatozwe ada, na kwamba wanawake wasipige ngoma hizo.

Kwa mtu anayeijua historia hiyo, Neptune Frost si filamu ya wadukuzi tu. Kuweka ngoma machimboni na kumweka katikati ya hadithi mtu asiyeingia katika orodha ya wanaume wala ya wanawake ni kuuliza upya nani anaruhusiwa kuishika ingoma, kwa maana zake zote mbili. Albamu za zamani zilikuwa na ukali, lakini hazikuwa na swali hilo. Kwa hiyo wanaosema muziki wa filamu umepunguza makali ya 2007 wanasikia vizuri na wanahukumu vibaya. Makali yamepungua kwa sababu msemaji mmoja amekubali kuwa mpigaji mmoja kati ya wengi.

5. Bandari na msamiati wa usikivu

Mhakiki wa Kiswahili anayetaka kuyaandika haya hukutana na kikwazo cha istilahi. Magazeti yetu huishia kuuita muziki wa aina hii kelele, na neno hilo hutumika kama hukumu. Nia ya sehemu hii ni kuonyesha kwamba umaskini huo ni wa uhakiki, si wa lugha.

Bandari ya Bujumbura hupokea mizigo ya ziwani kutoka Kigoma nchini Tanzania, Mpulungu nchini Zambia na Kalemie nchini Kongo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha mabaharia, wapakuzi, wenye maghala na madalali, na kutoka bandarini kinapanda hadi Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa jiji, wenye karakana nyingi za mafundi magari na wachomea vyuma. Watu wa mahali hapo hawawezi kufanya kazi kwa neno moja la sauti. Mfuko wa saruji ukianguka ghalani unatoa kishindo. Mnyororo wa winchi unatoa mkwaruzo. Injini ya meli ikiwaka ni mngurumo, honi yake ni mlio, na sauti yake ikiwa mbali majini ni mvumo. Fundi wa Buyenzi anajua injini inayonguruma vizuri na inayokwaruza, na kosa la kutofautisha mawili hayo linamgharimu.

Msamiati huo unatosha kuhakikia. Albamu ya 2007 ni muziki wa mkwaruzo: vitu viwili vigumu vinasuguana na hakuna kinachokubali. MartyrLoserKing ni muziki wa mvumo, na ikumbukwe kwamba kuvuma kwa Kiswahili ni kusikika na pia ni kupata sifa. Burundi katika albamu hiyo imevuma kama jina, na wahenga walikwisha kuonya kuhusu ngoma ivumayo sana. Muziki wa filamu ni wa mshindo, sauti ya pigo lenye mpigaji, ambalo baada yake panabaki nafasi ya pigo la kujibu.

Neno kelele lenyewe linastahili kutazamwa upya. Umoja wake ni ukelele, na ukelele hupigwa kwa kinywa: ni sauti ya mtu anayeita, anayelia au anayeomba msaada. Tunapoiita sauti ya mashine kelele tumekwisha kuikubali kuwa na kinywa ndani yake. Kwa mtazamo huo jina la wimbo wa 2016, likitafsiriwa kwa Kiswahili, linasema zaidi ya lilivyosema kwa Kiingereza. Kelele ilitokea hapa maana yake ni kwamba hapa palikuwa na mtu anayeita.

Kuna ulinganifu mwingine ambao watafiti wa isimujamii wa Burundi wataufahamu. Kwa muda mrefu kuitwa Mswahili nchini Burundi kulibeba tuhuma ya ujanja na uongo, na Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya mtaani isiyo na hadhi. Kelele na Kiswahili vilikaa upande mmoja wa ukuta: vyote vilitumika, vyote vilikataliwa kwenye meza ya heshima. Filamu inayovisikilizisha vyote viwili pamoja, bila kuviombea radhi, imefanya jambo ambalo sera ya lugha imekuwa ikilifanya kwa mwendo wa pole.

6. Mipaka ya kazi hii

Sifa hizo hazifuti dosari. Kwanza, nyimbo kadhaa za filamu zinarudi kwenye hotuba ya Kiingereza dhidi ya kampuni za teknolojia, na kila zinaporudi huko ule uzani wa lugha tano unavunjika. Tunasikia tena msemaji wa 2007 akiwa amevaa mavazi ya wengine. Pili, Kiswahili kimo, lakini kimo kwa uchache. Kinasikika kama lugha ya kupitia njiani, si lugha ya kuwazia. Kwa nchi ambayo bandari yake inaendeshwa kwa Kiswahili, hilo ni pengo.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, linarudi kwenye suala la jina. Filamu inawataja waigizaji wake na kuwaonyesha nyuso, na kwa hilo imepiga hatua kubwa kutoka Burundi Black ya 1971. Lakini filamu ikisha kugeuzwa albamu, picha zinaondoka, nyuso zinaondoka, na jina linalosimama mbele ni la Saul Williams. Msikilizaji anayeikuta albamu bila kuiona filamu anaweza kuihesabu kuwa albamu yake nyingine, aiweke rafuni pamoja na ya 2007 na ya 2016, na aanze kubishana iwapo ukali umepungua. Mjadala wa mashabiki tulioanza nao kwa hiyo haukosei kwa bahati mbaya. Umbo la bidhaa lenyewe ndilo linalomwelekeza msikilizaji huko.

Ikumbukwe pia kwamba ukanda wetu sasa una watunzi wa kelele wanaotia sahihi zao wenyewe. Konono N°1 wa Kinshasa, ambao albamu yao Congotronics ilitoka mwaka 2004, walikuza sauti za likembe kwa vipaza sauti vilivyoundwa kutokana na vyuma chakavu. Duma wa Nairobi, katika albamu ya 2020 iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, waliufikisha muziki huu kwenye ukali ambao mashabiki wa Cleveland wangeutambua mara moja. Uhakiki unaoiweka Neptune Frost mwisho wa orodha ya kazi za Mmarekani mmoja unaikata kutoka kwa jirani zake hawa.

7. Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba kati ya albamu ya 2007 na muziki wa filamu ya 2021 kilichobadilika si kiasi cha kelele bali umiliki wake. Sauti iliyokuwa ya msemaji mmoja mbele ya mashine imekuwa, kwa sehemu kubwa ingawa si yote, ngoma yenye wapigaji na waitikiaji. Dhana ya ngoma inatuwezesha kuyaona mabadiliko hayo, wakati kipimo cha ukali kinayaona kama upungufu.

Yapo matatu yanayofuata kwa watunga sera. Tangu Julai 2022 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki sambamba na Kiingereza na Kifaransa. Urasmi huo utakuwa na maana katika sanaa iwapo filamu za lugha nyingi kama hii zitaonyeshwa zikiwa na manukuu ya Kiswahili katika majukwaa ya kanda kama FESTICAB ya Bujumbura na ZIFF ya Zanzibar, ili mpakuzi wa bandarini aweze kuifuata hadithi iliyowekwa nchini mwake. Pili, vyombo vinavyosimamia istilahi, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikiwamo, vianze kukusanya msamiati wa sauti kutoka kwa wanaoutumia kazini, katika bandari, karakana na gereji, kabla ya kubuni maneno mapya mezani. Tofauti kati ya muziki wa filamu, yaani ule uliofungamana na picha, na albamu ya filamu, yaani ile inayouzwa peke yake, ni mojawapo ya tofauti zinazohitaji kusanifishwa mapema, kwa kuwa haki za wasanii hutegemea tofauti hiyo. Tatu, nchi wanachama zidai kwamba kila rekodi inayotumia ngoma za ukanda huu, iwe ya utafiti au ya biashara, iorodheshe majina ya wapigaji wote. Wapigaji wa 1967 walisikika London, Paris na New York, na nyimbo zilizotokana na mikono yao zikapata majina ya watu wengine. Waliopiga katika Neptune Frost wasije wakahitaji mtafiti wa miaka hamsini ijayo kuwatafutia yao.